Duka la maboksi matupu limenishinda, Bibi Mwalimu

Barua

Bibi Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, Darasa la Sita, katika shule moja ya msingi hapa Ukerewe. Nina miaka mitano kazini. Wanafunzi wangu ni 84 katika chumba kimoja, na wengi wao ni watoto wa wavuvi na wa akina mama wanaoanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki.

Mwaka huu katika kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tulielekezwa kwamba somo lazima liguse maisha halisi ya mtoto. Nilifurahi sana, maana nimechoka kuona watoto wanakariri kanuni ya faida na hasara leo, keshokutwa ukiwauliza wanakutazama tu. Nikakusanya maboksi ya sabuni, makopo ya mafuta ya kujipaka na chupa tupu, nikakata karatasi zikawa noti, nikatengeneza duka nyuma ya darasa. Kazi hiyo ilinichukua jioni nne. Siku ya kwanza watoto walichangamka. Siku ya pili wakaanza kugombania noti za karatasi. Siku ya tatu nilimwita binti mmoja, ambaye mama yake anauza dagaa, aje awe mwenye duka. Akakataa. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Mwalimu, hili duka haliwezi kupata hasara." Darasa zima likacheka. Sikujua la kumjibu, nikamwambia akae.

Nikajisemea, basi, kama hawataki maigizo nitawapeleka kwenye jambo lenyewe. Nikaomba ruhusa, tukaenda mwaloni. Walikimbia huku na huko, wawili wakaingia majini hadi magotini, wengine wakaenda kuwasalimia mama zao. Tuliporudi niliwaambia waandike walichojifunza. Karibu wote waliandika kwamba wameona mitumbwi na dagaa, vitu wanavyoviona kila siku ya Mungu. Wiki iliyofuata nikatoa jaribio la faida na hasara. Matokeo yalikuwa yale yale, pengine chini kidogo.

Sasa Mwalimu Mkuu amesema niache matembezi nirudi ubaoni, kwa kuwa mwakani hawa wanafanya mtihani wa Darasa la Saba. Mzazi mmoja naye alikuja kuuliza kama mtoto wake ametumwa shule kujifunza uchuuzi, kwani huo anaujua tangu nyumbani. Bibi, niliumia. Je, haya mambo ya uhalisia ni ya shule zenye watoto 30 na gari la safari? Au kuna mahali nimekosea?

Mwalimu wa Hisabati, Ukerewe

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama kwa yule binti. "Hili duka haliwezi kupata hasara." Ungekaa mwaka mzima kwenye semina usingepata tathmini ya somo iliyo sahihi kuliko hiyo. Rudi umwambie kwamba alisema kweli, tena umwambie mbele ya wenzake, maana ulimkalisha mbele yao.

Tazama alichokiona yeye. Duka lako lilikuwa na bidhaa, bei, noti na muuzaji, lakini hapakuwa na cha kupoteza. Mama yake akinunua dagaa wabichi alfajiri, mvua ikanyesha saa nne asubuhi, mzigo unaanza kuoza na mtaji unakwenda nao. Mtoto aliyelelewa katika nyumba hiyo anajua hesabu inauma wapi. Ukimwekea boksi tupu la sabuni, analiona boksi tupu la sabuni.

Mwaloni nako kila kitu kilikuwa cha kweli, ila watoto hawakuwa na swali mkononi. Uliwapeleka kutazama mahali wanapoishi. Mtu atatazama nini kwao?

Kwa hiyo uhalisia uliutafuta kwanza kwenye vifaa, kisha ukautafuta kwenye mahali. Mimi katika miaka yangu ya kufundisha nimeukuta kwenye swali: swali ambalo hata mwalimu hajui jibu lake, na nje ya darasa yupo mtu anayelisubiri jibu hilo kwa sababu atalifanyia kazi. Likipatikana swali la namna hiyo, hata ukibaki darasani na chaki yako, watoto watafanya kazi ya kweli. Lisipopatikana, hata ukiwapeleka Serengeti watarudi na insha ya "tuliona wanyama".

Nikusimulie kidogo, kwa sababu kosa hili nchi yetu imeshawahi kulifanya, na mimi nilikuwamo. Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Alitaka shule iwe na shamba, na alitaka vilevile wanafunzi wenyewe washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba hilo, wayaone matokeo ya uamuzi wao. Mimi niliingia kazini wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, shule zikifurika watoto na walimu tukiandaliwa haraka haraka. Shule yetu ilikuwa na shamba la pamba. Watoto walilima, wakapalilia, wakachuma, mzigo ukaenda kupimwa, fedha zikaingia shuleni. Siku moja mvulana wa rika la hawa wako aliniuliza, "Mwalimu, pamba yetu ilipata kilo ngapi?" Nilimwambia ashike jembe.

Zile kilo zilikuwa zimeandikwa kwenye stakabadhi, ofisini, hatua chache kutoka darasani kwangu. Kile kikaratasi kilikuwa na uzito, bei kwa kilo, makato na jumla. Kilikuwa somo zima. Sisi tukaendelea kufundisha hesabu za matangi yanayovuja. Shamba likabaki kuwa kazi ya mikono, baadaye likageuka adhabu ya wachelewaji. Kila nikisikia jina jipya la kufundisha kwa uhalisia, namkumbuka mvulana yule, na bado najuta.

Sasa tuje kwako. Ungeanzaje?

Usianze na watoto. Nenda mwaloni jioni, peke yako, ukakae na akina mama wawili watatu, uwaulize ni jambo gani katika biashara yao wanalolijadili kila siku na hawajapata muda wa kulipima. Watakuwa nalo. Pengine ni sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, ya mnunuzi wa mjini inayoonekana kubwa kuliko ya kwao. Pengine ni nauli ya kivuko. Chukua swali lao, si langu. Mimi nitatumia mfano mmoja tu ili uone ninachokisema.

Tuseme wamekuambia habari ya chanja. Wengi wanaanika dagaa mchangani kwa sababu mchanga haununuliwi. Chanja, ule wavu unaotandazwa juu ya miti, hutoa dagaa wasafi, hewa inapita juu na chini, na maofisa uvuvi wamekuwa wakiihimiza. Lakini chanja inataka miti, wavu na misumari. Je, inalipa? Mimi sijui jibu lake kwa mwalo wenu. Wewe hujui, Mwalimu Mkuu hajui, na mama wa yule binti angependa kujua. Hapo umepata swali.

Usiku huohuo fungua muhtasari wako, uandike pembeni hesabu zilizomo ndani ya swali hilo: vipimo vya uzani, desimali, asilimia, uwiano, takwimu na grafu, faida na hasara. Kama swali halibebi hesabu unazopaswa kuzifundisha muhula huu, liache, hata kama ni tamu. Walimu wengi wenye moyo kama wako huanguka hapa. Shughuli inapendeza, watoto wanafurahi, hesabu haimo.

Kazi yenyewe inaweza kufanyika shuleni, bila safari. Nunua sado mbili za dagaa wabichi. Azima mizani ya dukani. Pima mafungu mawili yenye uzito sawa. Moja lianikwe mchangani, jingine juu ya wavu mkuukuu uliofungwa kwenye vijiti vinne. Pima kila fungu asubuhi na jioni kwa siku tatu. Hayo ni mapimo 12. Wagawe watoto wako 84 katika makundi 12 ya watoto saba, kila kundi lisimamie pimo moja. Kabla mizani haijasomwa, makundi yote yaandike makisio, kisha namba ya kweli itangazwe na kila mtoto aiweke kwenye jedwali lake. Haichukui hata dakika 10. Uzito ukishaacha kushuka, wataiona grafu ikilala, na watajua dagaa wamekauka bila kuwabonyeza kwa vidole kama mama zao.

Ila kuna jambo litatokea ambalo nataka usilizime. Fungu la mchangani huenda likapima zaidi. Watoto watasema mchangani ni bora. Usiwasahihishe! Ngoja, nina hakika hautapita muda mrefu kabla hajatokea mmoja wa kusema, "Mwalimu, huo ni mchanga." Waulize watautoaje ndani ya hesabu. Watapukuta, watapepeta, wataupima mchanga wenyewe, watatoa. Kisha atatokea mwingine wa kuuliza: mnunuzi anayelipia kwa sado, analipia samaki au mchanga? Na sado yenyewe ni lita ngapi hasa? Leteni sado tatu kutoka nyumba tatu, mjaze maji kwa chupa ya lita moja, mhesabu. Ile yenye kitako kilichobonyezwa itajitangaza. Kutoka hapo mnaweza kuzungumza kuhusu lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi, na kwa nini Wakala wa Vipimo wanataka mazao yauzwe kwa mizani. Hakuna kitabu kitakachokuletea mazungumzo hayo saa nne ya asubuhi ya Jumanne.

Hapo ndipo unarudi ubaoni, na urudi bila aibu. Watoto wengi hawavumbui asilimia kwa kutazama dagaa; asilimia hufundishwa. Tofauti ni kwamba sasa wanaihitaji. Nitatumia namba za kubuni: kilo 4 za dagaa wabichi zilizonunuliwa kwa shilingi 6,000 zimekauka zikawa kilo 1.2. Zimebaki asilimia 30. Ili mama arudishe tu fedha aliyonunulia, kilo moja ya dagaa wakavu lazima auze shilingi 5,000, kabla ya kuhesabu kibarua, usafiri na ushuru. Andika namba zenu halisi za namna hiyo ubaoni uone darasa litakavyonyamaza. Wengi watakuwa wanamhesabia mtu wanayemjua.

Kuhusu hilo, nisikilize vizuri. Usimwambie mtoto yeyote ataje mama yake anapata kiasi gani. Wapo ambao mama zao wana deni, na wapo ambao baba hajui mama ana akiba. Darasa lina masikio 168. Tumieni dagaa wa darasa, bei ya mnadani ambayo kila mtu anaisikia, na gharama ambazo akina mama wameamua wenyewe kukuambia.

Sasa jaribio lako lililokwenda vibaya. Hata ungefanya yote haya, matokeo yasingepanda yenyewe. Mtoto aliyekokotoa hasara ya dagaa hajui kwamba swali la magunia ya saruji yaliyolowana ni hesabu ileile iliyovaa nguo nyingine. Ni juu yako kumvusha. Kila baada ya kazi ya dagaa, toa mafumbo matatu yenye hesabu hiyohiyo kwa vitu tofauti: nyanya zilizooza njiani, asali iliyochujwa, mbao zilizokatwa. Waulize, "Hapa dagaa wabichi ni nani? Wakavu ni nani? Mchanga ni upi?" Wakishaweza kujibu hayo, kila kundi litunge mafumbo yake kwa mtindo wa mtihani na kuwapa kundi jingine. Atakayetunga fumbo lisilo na jibu atajua mwenyewe wenzake watakapomfuata. Darasa moja nililokuwa nalo miaka ya tisini lilinifundisha zaidi juu ya uelewa wao kwa mafumbo waliyotunga kuliko kwa yale waliyojibu.

Halafu jibu lipelekwe kwa mwenye swali. Hapa wengi huishia kwenye chati ukutani, chati inakaa mpaka karatasi inakuwa njano. Akina mama walitaka kujua kuhusu chanja, basi waje shuleni siku ya kikao cha wazazi, au watoto sita waende mwaloni na jedwali lao. Watasahihishwa. Mama mmoja atasema, "Mbona hamkuhesabu siku za mvua?" Mwingine atasema wavu ule unadumu msimu mmoja tu. Watoto warudi darasani wakafanye hesabu upya. Mimi ningemtunuku alama mtoto aliyerudi na kosa lake akalirekebisha, kuliko aliyepatia mara ya kwanza kwa kunakili.

Mwalike na yule mzazi aliyekuja kulalamika. Alikuwa na haki. Mtoto wake uchuuzi anaujua, na shule iliyompeleka akautazame ilimdharau kidogo. Mwambie safari hii mnataka mtoto aweze kuuandika, kuulinganisha na kuutetea kwa namba mbele ya watu wazima. Mwombe awe mmoja wa watakaomuuliza maswali. Na kama akina mama wana majina ya vipimo na hatua za kukausha kwa Kikerewe au Kijita, acha watoto wayaandike hivyohivyo kwenye jedwali pembeni ya Kiswahili.

Mwalimu Mkuu usibishane naye kwa maneno. Nenda na andalio la somo lililojaa, umwonyeshe ni vipindi sita vya dakika 40 ndani ya wiki mbili, ndani ya mada ambayo ungeifundisha hata hivyo, na watoto wako uwanjani mwa shule. Toa jaribio la maswali 10 kabla ya kuanza na jingine la uzito uleule baada ya kumaliza, umpelekee karatasi zote mbili, hata kama matokeo hayakupendezi. Ana wajibu wake kwa mtihani wa Darasa la Saba, na wajibu huo si wa kudharauliwa. Mhusishe mwalimu wa taaluma mapema, na kikao kijacho cha MEWAKA peleka jambo hili kama lilivyotokea, pamoja na lile duka.

Umeniuliza kama haya ni ya shule zenye watoto 30. Watoto 84 katika chumba kimoja ni mzigo, na hakuna mbinu inayoufuta. Anayekuambia vinginevyo hajawahi kusahihisha madaftari 84 kwa taa ya sola. Lakini mzigo wa gari la safari hukuwa na haja ya kuubeba. Jambo lenu liko umbali wa kutembea kwa miguu.

Mambo machache ya kukumbuka kabla hujaanza. Wazazi wasichangishwe hata senti kwa ajili ya kazi hii. Sado mbili na wavu wa kuokota vinatosha. Dagaa wakishakauka wapikwe waliwe, wasigeuke mradi wa shule wa kuuza, maana ninajua mahali hilo linapoishia. Na siku mtakayoshuka mwaloni, wale watoto sita watangulie kujulishwa kwa viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, na asiingie hata mmoja majini. Kichocho kimewasumbua watu wa Ukerewe kwa vizazi, na wale wawili waliolowa hadi magotini ningependa uwaulize kama walipata dawa za kichocho mara ya mwisho zilipogawiwa shuleni. Waliokosa, zungumza na wazazi wao wawapeleke zahanati.

Kisha fungua kalenda kabla hujaandika tarehe kwenye azimio la kazi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Ukipanga wiki ya kupima iangukie hapo, utaamka alfajiri na mizani yako ya kuazima, ufike mwaloni, ukute mitumbwi imegeuzwa juu chini. Muulize yule binti tarehe nzuri ni ipi. Anaijua.